Mafundo Katika Nyumba ya Artemi

Kiti cha Bibi kilikuwa kitupu, lakini Timandro hakukikimbilia. Alisimama kizingitini mwa hekalu, viatu mkononi, akatazama sakafu kwanza. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mchunguzi wa baraza la Halia, na kabla ya hapo alikuwa mpima mipaka ya mashamba. Kazi hizo mbili zilimfundisha kwamba macho yakikimbilia palipoibwa huona pengo tu. Habari za mwizi hubaki pembeni.

"Ingia basi," akasema Arkhipo, mwenyekiti wa baraza, nyuma yake. "Unangoja akukaribishe nani? Mwenye nyumba hayupo."



Tangu enzi asizozikumbuka mtu, Artemi wa Halia alikuwa akikaa humo ndani: gogo jeusi, urefu wake kama mtoto wa miaka mitatu. Wazee walisema halikuchongwa na mkono wowote, lilianguka kutoka mbinguni. Watu walimwita Bibi. Walimfunga kwa fito laini za mtoni, kifuani, kiunoni na miguuni, asije akarudi porini kwa paa na dubu wake akauacha mji bila mlinzi. Usoni walimfunika kitambaa. Enzi za mababu, ndugu wawili walikifunua kitambaa hicho. Mmoja alikufa akibweka, wa pili alisahau hata jina la mama yake. Tangu hapo sheria ya Halia ikawa fupi: aliyemtazama Bibi usoni ametokwa na akili, na neno lake halipokelewi tena mbele ya baraza.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kumpeleka baharini kuoshwa. Lakini asubuhi hii, siku moja kabla, jua likichomoza, wasichana waliokuja na mashada ya maua walikuta kiti hakina mtu.

Timandro alichutama. Fito zilikuwa sakafuni, kumi na mbili, zimelazwa sambamba. Akainua mmoja. Haukuwa umekatwa wala kuvunjwa. Ulikuwa bado umejikunja pale fundo lilipokuwa. Mtu alikuwa amezifungua moja moja, kwa kucha, bila pupa.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa Damokrita, kuhani wa Artemi, mwanamke wa miaka sitini na ushei aliyeketi ukutani, ufunguo wa shaba umelala begani mwake, mrefu kama mpini wa jembe.

"Umewahi kutoka mikononi mwako?"

"Kamwe."

"Umemwona mwizi, mama?"

"Sikumwona mwizi."

Mlango haukuwa na hata mkwaruzo. Timandro alimtazama kuhani vizuri. Nywele zake nyeupe, ambazo mji mzima ulizijua zikiwa zimesukwa, zilikuwa zimemwagika hadi kiunoni, na vazi lake halikuwa na mkanda.

"Na nywele, mama?"

"Bibi hayupo kitini mwake. Ulitaka nikae kusuka?"

Jibu hilo lilikuwa na haki yake. Akainuka, akaenda kwenye pazia. Kamba ya pazia imefunguliwa, ingawa pazia lilikuwa upande wa pili kabisa, mbali na njia ya mwizi yeyote. Akatoka uani kisimani: kamba ya ndoo imefunguliwa. Akarudi ndani, akainua macho ukutani, ambako mabiharusi wa Halia huitundika mikanda yao ya usichana, kila mmoja umefungwa kitanzi. Ilikuwa zaidi ya sitini. Yote ilining'inia wazi, imenyooka, haina fundo hata moja.

"Mwizi gani huyu mwenye subira namna hii?" akauliza.

"Mwizi mjinga," akasema Arkhipo.

"Mjinga angekata."

"Timandro, mwizi tunaye. Ni Tibio, mtumwa wangu mwenyewe wa kiwanda cha rangi, aibu yangu hiyo. Ameonekana alfajiri njia ya hekalu. Kelele zilipopigwa akatimua mbio mpaka rasini, akaing'ang'ania madhabahu ya Poseidoni. Nyumba yake imepekuliwa, hamna kitu. Jua likigusa kilima cha Pembe, tunaizunguka madhabahu kwa kuni mbichi na kuwasha."

"Huyo amemkimbilia mungu. Hagusiki."

"Nani kasema tutamgusa? Ni moshi tu. Akitoka, katoka mwenyewe."

"Na Poseidoni, mtikisa ardhi, unadhani anaujua huo ujanja wa mkono na moshi?"

Arkhipo alitazama sakafu. Hapakuwa na mtu Halia ambaye hakusimuliwa na baba yake juu ya mwaka ule ardhi ilipotetemeka na nusu ya soko kumezwa.

"Jua likigusa Pembe," akarudia, lakini kwa sauti ya chini. "Mji usio na Bibi hauwezi kulala. Nenda ukatafute."

*

Bandarini palikuwa na jahazi la Mkrete mmoja aitwaye Orsila, muuza sanamu, aliyetaka kung'oa nanga siku mbili kabla ya siku aliyowaambia wateja wake. Timandro alilizuia. Ndani kulikuwa na sanduku refu la mbao, na Orsila alikuwa akitokwa jasho.

"Fungua."

"Bwana mkubwa, humo mna kazi ya mteja."

"Fungua."

Mabaharia wakaanza kujifunika nyuso kwa nguo zao. Orsila alihangaika na kamba kwa muda mrefu. Zilikuwa zimelowekwa maji zikakazwa, na mwishowe akaomba kisu. Kifuniko kikainuliwa. Timandro akageuza uso pembeni, akaingiza mkono, akapapasa: ndevu. Akatazama. Ilikuwa nguzo ya Herme, ya kusimamisha mlangoni, pua imevunjika.

"Niliiangusha," akasema Orsila kwa unyonge. "Mteja amekwisha lipa. Ndiyo maana naondoka."

Timandro alimwacha aende na aibu yake. Sanduku halikuwa na Bibi, lakini halikumpotezea muda. Orsila alikuwa mwongo mwenye haraka, na mtu wa haraka, fundo likimshinda, huomba kisu. Aliyeingia hekaluni hakuwa na haraka ya namna hiyo. Aliyafungua hata mafundo yasiyomhusu.

Akanunua mkate na zeituni, akavifunga katika kitambaa, akaenda rasini.

Nusu ya mji ilikuwa huko, imesimama mbali kidogo na madhabahu kwa kumwogopa Poseidoni mwenyewe. Vijana walikuwa wakileta kuni. Tibio alikuwa amelilalia jiwe, mtu mpana wa Paflagonia, mikono yake ya zambarau hadi kwenye viwiko kwa rangi ya konokono wa baharini isiyotoka kwa maji wala sabuni. Hakuwa ameishika madhabahu kama wanavyoishika wanaoikimbilia, vidole vimekunjwa. Viganja vyake vilikuwa wazi, vimetandazwa.

Timandro alimpa kile kifurushi. Tibio alikipokea, akalifungua fundo haraka kwa meno, akakitandaza kitambaa juu ya jiwe, akazinyoosha pembe zake nne. Kisha akausahau mkate.

"Kula."

"Baadaye, bwana."

"Mkanda wako uko wapi?"

"Umeanguka."

"Na kamba za viatu nazo?"

Tibio alivuta miguu yake karibu.

"Alfajiri ulikuwa hekaluni?"

"Njiani."

"Ukifanya nini?"

"Nikilia."

"Umemwiba Bibi?"

"Sijamgusa. Naapa kwa huyu ninayemlalia."

"Nani amemchukua?"

"Waache walete kuni zao."

"Hilo si jibu, Tibio."

"Ndilo nililo nalo."

Timandro aliketi juu ya mwamba, akanyoosha mguu wake mbovu. "Nisaidie jambo moja. Hatua thelathini kutoka mlango wa kiwanda chenu pana mawe ya Herme. Huyo ndiye wenu, wa watumwa na wasafiri. Hata wezi hawafukuzi. Ukampita. Mbele kidogo, barazani, pana moto wa Hestia, ambapo hakuna mtu angethubutu kukusogelea. Ukampita naye. Ukaja hadi huku ambako nchi inaishia, mji mzima ukikufuata nyuma."

"Nina miguu mizuri."

"Kware mwenye vifaranga akimwona mwindaji, hujiburura kama aliyevunjika bawa. Mwindaji humfuata yeye, akaenda mbali na kiota."

Tibio aliinua kichwa. Alimtazama mchunguzi, kisha akatazama juu. "Bwana, jua liko wapi? Kutokea hapa silioni vizuri."

"Limepita utosini."

"Basi bado," akasema, si kwa Timandro.

"Bado nini?"

Tibio aliinamisha paji la uso juu ya jiwe.

*

Sokoni, Timandro alijitupa kwenye ukingo wa mawe ya Herme, mkabala na meza ya Glika muuza vitunguu saumu, mjane aliyejua mji kuliko baraza lote.

"Umekaa kama aliyemeza mwiba," akasema Glika. "Si wewe mchunguzi? Chunguza."

"Glika, mtu akiwa na shida huenda kwa mungu gani?"

"Shida gani? Kila mmoja na kazi yake, baba. Nikisafiri, nina huyu hapa nyuma yako. Bahari ikichafuka, Poseidoni. Shayiri ikisinyaa, Demetra. Kiapo ni cha Zeu, ndiyo maana mimi siapi ovyo."

"Na Artemi?"

"Nyinyi wanaume mnamjua kwa upinde. Mmeua nguruwe mwitu, mmempelekea kichwa, mmerudi nyumbani mmelewa." Akaangaza huku na huku, akashusha sauti. "Sisi tunamjua kwa jambo jingine."

"Lipi?"

"Wewe ulizaliwa au uliokotwa?"

Timandro akangoja. Glika aliacha kumenya kitunguu.

"Leto alipokuwa na mimba ya Zeu, Hera aliona wivu, akamzuia Ilithia asiende. Yule ndiye mfunguaji. Asipofika yeye, tumbo halifunguki. Siku tisa Leto ameukumbatia mtende kisiwani Delo, mtoto hatoki. Anayekuja kutoka wa kwanza ni Artemi. Na huyo Artemi, umri wake hata saa moja haujatimia, damu bado ipo kichwani, akageuka akampokea pacha wake Apolo. Mungu mzima, kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa ukunga."

"Huyo Ilithia alifanyaje kumfunga mtu tumbo?"

"Akitaka kukomesha uzazi hukaa mlangoni, goti juu ya goti, vidole amevisokota hivi..." Glika alianza kufumbata vidole vyake, akashtuka, akaviachanisha upesi na kuipangusa mikono kwenye nguo. "Ndiyo maana utungu ukianza tunafungua. Nywele, mikanda, masanduku, mbuzi kambani. Fundo moja tu likisahaulika humo ndani, unaweza kuzika wawili."

Timandro aliinuka ukingoni. Aliiona tena ile mikanda sitini na ushei ikining'inia wazi. Aliziona nywele nyeupe zilizomwagika, na mtu wa zambarau akizinyoosha pembe za kitambaa. Tangu asubuhi alikuwa akimtafuta mtu aliyekwenda kuchukua mali. Kumbe alipaswa kumtafuta aliyekwenda kumwita mkunga.

"Nani ana utungu hapa mjini?"

"Umeona mlango uliopakwa lami ya uzazi? Mimi sijauona."

"Glika."

"Ila Nano mkunga hajaja kununua kitunguu tangu juzi. Na mkunga hafungi nyumba siku tatu akaenda kuvua samaki."

"Amekwenda wapi?"

"Mimi nauza vitunguu."

"Jua likigusa Pembe, watamfukiza mtu kwa moshi kama nyuki."

Glika alipanga vitunguu vyake upya, ingawa vilikuwa vimepangika. "Banda la wafumaji, nyuma ya kiwanda cha rangi. Maltake, kijakazi wa Arkhipo. Ni mke wa Tibio, kama watumwa wangeruhusiwa neno hilo. Mimi sikukwambia."

*

Lami mlangoni ilikuwa mbichi, imepakwa upande wa ndani ili isionekane njiani, kwa ajili ya kufukuza mapepo. Mbuzi watatu walizurura bila kamba. Mitungi yote haikuwa na vifuniko. Mitambo ya kufumia ilikuwa imetolewa nje, na mawe ya kukazia nyuzi yalikuwa yamefunguliwa yakalundikwa chini ya ukuta.

Damokrita alitoka kabla hajabisha. Alivuta mlango nyuma yake, lakini hakuufunga.

"Nilidhani ungefika mapema zaidi."

"Yumo?"

"Wamo wengi. Unamuuliza nani?"

"Mama, usinichezee. Asubuhi ulinijibu kila swali kwa kweli tupu, nami nikaondoka na uongo."

"Hukuuliza swali lenyewe, mwanangu."

"Ulimtoa Bibi hekaluni?"

"Nilimtoa."

"Atoaye kitu cha mungu hekaluni hupigwa mawe, na maiti yake hutupwa nje ya mpaka. Unajua."

"Nilijua kabla hujaota ndevu."

"Na damu ya uzazi ni unajisi kwa miungu. Aliyezaa hakanyagi hekalu siku kumi. Umemleta Bibi kwenye damu yenyewe."

"Ndilo lililonishinda." Sauti ya kuhani haikupanda. "Miaka arobaini na mmoja namvisha, namwosha, namwimbia jina lake: Mfunguaji, Mfunguaji. Na yeye mwenyewe tumemfunga fito kumi na mbili. Wanawake huniletea nguo za mabinti zao waliokufa uzazini, nami nazitundika mbele yake, moja baada ya nyingine. Halafu akaja huyu Tibio, akalala njiani. Haombi kitu, analia tu. Siku ya tatu hiyo mkewe yuko kwenye utungu. Nikaenda kumwuliza Bibi: kazi yako ni ipi? Kisha nikaona haya. Namwuliza yeye, na ufunguo ninao mimi begani."

Kutoka ndani ilikuja sauti ambayo Timandro hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu. Nzito, ya chini, kama mwamba unaoburutwa. Mlango ulisogea wenyewe kidogo. Akaona.

Wanawake wanne walikuwa wamegeukia ukuta, shuka vichwani. Katikati ya chumba, juu ya kibao cha mfumaji, alisimama Bibi, mgongo wake kwa mlango, mweusi, hana kamba wala ufito mwilini. Na mbele yake, ana kwa ana, amening'inia kwenye boriti kwa mikono miwili, alikuwa Maltake. Macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa akimtazama mungu usoni kama mtu anavyomtazama aliyemshika mkono mtoni, wala akili haikuwa imemtoka. Alikuwa akihema pale alipoambiwa aheme na kusukuma pale alipoambiwa asukume. Ila Nano mkunga, aliyepiga magoti nyuma yake, hakuwa anasema neno.

Timandro hakuingia. Miguu yake haikumwuliza. Alijikuta amepiga magoti kwenye vumbi, viganja wazi juu ya mapaja. Mbuzi waliacha kutafuna. Kwa muda ambao hakuweza kuupima, yeye aliyezoea kupima kila kitu, hakukuwa na upepo wala sauti, na alijua, kama ajuavyo mtu kwamba kuna mwenzake gizani, kwamba mle ndani mlikuwa na mmoja zaidi ya hesabu.

Kisha mtoto akalia.

"Binti," ikasema sauti ya Nano, imepasuka kwa uchovu. "Nipeni nguo. Nguo yoyote."

Damokrita aliingia. Timandro alipofuta uso akakuta umelowa. Aliinuka, akageukia bahari ili asitazame tena ndani, na hapo akauona moshi. Ulikuwa mwembamba, mweupe, juu ya rasi. Jua lilikuwa bado halijagusa Pembe.

"Mama, wameanza."

Damokrita alitokea mlangoni akiwa amempakata Bibi kifuani, kama abebwavyo mtoto aliyelala, uso wa mungu umeelekea nje.

"Kitambaa chake kiko wapi?" akauliza Timandro, macho chini.

"Kimemfunga mtoto. Kilikuwa ndicho cha karibu." Akaanza kutembea. "Tangulia. Waambie wainame."

*

Watu wa Halia wanasimulia hadi leo jinsi mchunguzi wa baraza alivyoshuka katikati ya mji akichechemea, akipaza sauti, "Bibi anapita, macho chini!", na jinsi soko lilivyolala mbele yake kama shayiri chini ya upepo. Wauza samaki waliangukia samaki wao. Glika aliingia chini ya meza. Nyuma ya sauti ile zilisikika hatua za mtu mmoja tu, mwanamke mzee asiye na viatu, ingawa wengi waliapa baadaye kwamba walihesabu hatua za wawili.

Rasini, vijana walitupa mienge baharini na kulala kifudifudi. Arkhipo naye alilala, uso kwenye mchanga, na wajumbe wa baraza kando yake. Juu ya madhabahu, katikati ya moshi, Tibio alikuwa akikohoa, amefumba macho.

Damokrita alisimama karibu yake. "Ni binti," akasema. "Mama yake yu hai. Anakunywa uji wa shayiri."

Tibio hakufumbua macho. Mabega yake yalianza kutikisika.

Kuhani akaendelea kuelekea majini. Timandro, aliyekuwa bado ametangulia, alifika mwisho wa mwamba, njia ikamwishia. Akajisogeza kando ili kupisha. Mguu mbovu ulikanyaga mwani, akateleza, akapepesuka, akashika jiwe. Na alipoinua kichwa, Bibi alikuwa akimpita, karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono.

Alimwona.

Damokrita aliingia baharini hadi kifuani, akamzamisha Bibi mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kama ilivyo desturi, siku moja kabla ya siku yake. Mawimbi yalimjia madogo madogo. 

"Ameshapita?" akauliza Arkhipo mchangani.

"Amepita. Yumo majini, anaoshwa."

Wakainuka polepole, wakikung'uta ndevu, kila mmoja amegeuzia mgongo bahari. Arkhipo alikuwa mtu mgumu lakini si mtu wa hila, akafanya iliyompasa. "Mchunguzi, umekula kiapo cha Zeu. Nani alimtoa Bibi?"

"Damokrita. Alimfungua, akampeleka kwa mwanamke mwenye utungu, na sasa amemrudisha. Tibio hakumgusa."

Manung'uniko yalipita, yakakatika.

"Hilo ni neno la mawe," akasema Arkhipo taratibu. "Neno la mawe linataka shahidi wa macho. Nani amemwona Bibi mikononi mwa Damokrita?"

Wajumbe walitazamana. "Mimi nilikuwa nimeinama," akasema mmoja. "Nilikuwa kifudifudi," akasema wa pili. Swali lilipelekwa kwa vijana wa mienge, na jibu likarudi lile lile. Mji mzima ulikuwa umeona mchanga.

"Mimi nimeona," akasema Timandro. Kiapo kilikuwa kiapo. "Huko bandani nilimwona mgongo. Hapa nimemwona mikononi mwa kuhani, na nimemtazama usoni."

Waliokuwa karibu naye wakasogea mbali. Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa na kawaida ya kusinzia vikaoni, alisafisha koo.

"Sheria inasemaje juu ya aliyemtazama usoni?"

"Ametokwa na akili," akasema Arkhipo.

"Na neno lake?"

"Halipokelewi." Arkhipo alimtazama Timandro, na Timandro akaona kwamba mtu yule mgumu alikuwa ameupata mlango aliokuwa akiutafuta. "Basi baraza halina shahidi."

"Na mimi hamniulizi?" Sauti ya Damokrita ilitoka majini.

"Mama, kuhani haulizwi akiwa amempakata mungu," akajibu Arkhipo bila kugeuka. "Nakuomba usitoke humo mpaka tumeondoka."

Timandro aliitoa fimbo yake ya mchunguzi, ile ya mzeituni yenye pete mbili za shaba, akampa Arkhipo. Mwenye wazimu hana kazi barazani. Miaka kumi na minne iliishia hapo juu ya mwamba.

Wajumbe walikwisha anza kuondoka. Arkhipo alibaki nyuma, akasogea, akanong'ona kama mtoto anayeuliza jambo la aibu. "Alikuwaje?"

Timandro alitafuta neno. "Amechoka," akasema hatimaye. "Kama mtu atokaye kazini."

Arkhipo aliinamisha kichwa, fimbo mbili mkononi, yake na ya mchunguzi. Moshi ulikuwa umetawanyika. Tibio alikuwa ameshuka kutoka madhabahuni, amesimama mbele ya bwana wake, miguu mitupu, mikono ya zambarau imening'inia.

"Bwana," akasema, "naomba ruhusa nikamwone mtoto."

Kwa sheria ya Halia mtoto wa kijakazi alikuwa mali ya Arkhipo, kama alivyokuwa mama yake, na kama huyu aliyesimama akiomba. Arkhipo alifungua kinywa kujibu, kisha akatazama, kwa mara ya kwanza, upande wa bahari. Si juu sana, palepale tu maji yalipogusa mwamba.

"Usiniulize mimi," akasema. "Muulize aliyekwenda kumpokea."

Tibio aligeukia maji, akangoja. Hakuna aliyemzuia. Akaanza kupanda njia ya mjini, kwanza kwa kutembea, kisha mbio.